Kidonge cha Mujinga

Clémentine alitwanga muhogo kwa mkono mmoja. Titi la kushoto lilikuwa na uvimbe, na kila akiinua mchi liliuma. Hakumwambia mumewe Urbain, fundi wa reli hapa Kamina. Alimwambia dada yake mkubwa, Mujinga.

Mujinga alikuwa amekatwa titi kwa kansa mwaka uliopita. Sasa alimeza kidonge kimoja kila siku na alikuwa mzima.

"Tulitoka mu tumbo moya, bugonjwa yetu njo moya," alisema. "Kamata kinini zangu. Leo minyi, kesho weye." Akamnyooshea kopo la vidonge.

Angemnyima vipi ndugu yake? Wakagawana vidonge kwa miezi sita, maskini.

Uvimbe ukapasuka. Urbain alisikia harufu ya kidonda kabla ya kukiona. Akampeleka mkewe hospitali siku ileile.

Muuguzi Zaina alisikiliza habari ya vidonge, akakunja uso. Kipande cha uvimbe kikakatwa, kikapelekwa maabara ya mbali. Majibu yalichukua wiki tano.

"Mama, kansere ya ziba, ya titi, haiko moya, iko ya namna mingi," Zaina alieleza. "Mu uvimbe muko jeni, zinatoa amri. Mashine inaangalia zenye kusema na zenye kunyamaza. Ile ya Mujinga inakula homoni za mwili, na kinini inaifungia chakula. Yako haikule homoni."

"Lakini tuko mutu na yaya yake, dada ya tumbo moya!"

"Nyinyi, ndiyo. Uvimbe zenu, hapana. Ulimeza bure. Na yaya yako alikosa dawa nusu ya siku zake."

Hilo Clémentine hakuwa amelifikiria. Alimlilia dada yake kuliko alivyojililia mwenyewe.

Alitibiwa Lubumbashi kwa dawa ya aina yake, iliyopita kwenye mshipa. Alitapika, nywele zikaisha, titi likakatwa. Lakini uvimbe haukurudi.

Alipofika nyumbani, alimkuta Mujinga amelala mkekani. Kansa yake ilikuwa imeingia kwenye uti wa mgongo.

"Unisamehe, yaya."

"Minyi njo nilikupatia," Mujinga alisema. "Wala hatukujua."

Jioni ile jirani yao, mke wa Ngoy, alikuja kuomba vidonge. Mdogo wake alikuwa na uvimbe. Mujinga, ambaye hakuwahi kumnyima mtu kitu, alifunika kopo lake.

"Hapana. Umupeleke kwa Zaina kesho asubui. Bakate kipande, bapime uvimbe yake."

Mwanamke akaondoka amekasirika. Lakini asubuhi alimpeleka, na yule mdogo wake akapona. Mujinga hakuishi kuyaona hayo.