Filamu Aliyoiona Gwamaka

Mwizi alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Ndani ya nyumba, mtoto amelala. Mwanamke aliyekuwa akiitazama filamu hiyo alijikunyata kitini, na utepe wa mapigo uliomzunguka kifundo cha mkono ukawaka rangi ya chungwa. Papo hapo, nje ya nyumba ile, mbwa akabweka. Mwizi akasita. Mtazamaji akashusha pumzi, akatabasamu.

Mbwa yule hakuwapo dakika moja kabla. Hakuna aliyemwandika wala aliyempiga picha. Mashine iitwayo Mfumaji ndiyo iliyomfuma pale pale, manyoya, kubweka na kivuli chake, kwa sababu moyo wa mtazamaji ulikuwa umeelemewa na ulitaka kupumua.

Nyuma ya kioo, Mhandisi Sekela Mwakalinga alipiga makofi kimya kimya, viganja visigusane. Kwa miaka sita alikuwa akiitengeneza mashine hii, na bado ilimshangaza. Utepe ulisoma mapigo ya moyo, jichopepe, kamera yake ndogo, lilifuata mboni za macho, kisha ubongo wa mashine ukafuma upya tukio lililofuata na kulituma kwenye pazia la mwanga. Mtazamaji hakuona mshono wowote. Aliamini filamu ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Na ilibidi aamini hivyo. Moyo ukijua unatazamwa huanza kujipamba, na vipimo vyote huharibika. Kwa hiyo watu wa majaribio waliambiwa tu kwamba mashine "inarekebisha mwanga na sauti kumfaa mtazamaji." Haukuwa uongo kamili, ila ukweli wenyewe ulikuwa umekatwa miguu. Sekela alikuwa ameweka saini ya kutunza siri hiyo kwa miezi mitatu. Zilibaki wiki mbili.

Mbeya ya siku hizo ilikuwa na mengi ya kujivunia. Treni ya sumaku ilifika Tunduma kabla chai haijapoa, na roboti zilichuma majani ya chai Rungwe mvua inyeshe isinyeshe. Baridi ya mwezi wa sita tu ndiyo ilikuwa haijapata mhandisi wa kuiweza. Jumamosi hiyo, saa kumi jioni, Sekela alijifunga kitenge juu ya koti akaenda Mwanjelwa, kwenye Chama cha Wapenda Filamu.

Chama hicho kilikuwa na watu wanane, na ni Sekela mwenyewe aliyewapendekeza kwa majaribio, kila mmoja akapewa mashine ya kutazamia nyumbani kwake, maana hapakuwa na watazamaji makini kama wao mji mzima. Walikuwa na desturi yao. Kabla mtu hajasifia wala kuponda, msimulizi husimama na kuisimulia filamu ya wiki tangu mwanzo hadi mwisho. Akikosea, msikilizaji hugonga benchi. Akigongewa mara tatu, basi alisinzia: huketi chini, na wiki hiyo chai ni ya kwake kupika.

Msimulizi wao alikuwa Mzee Gwamaka, mjomba wake Sekela. Ujanani alitafsiri filamu za kigeni kwenye vibanda vya video, kipaza sauti mkononi, akiigiza jambazi, polisi na bibi harusi kwa pumzi moja. Sekela alianza kupenda filamu akiwa amekaa miguuni pake, haelewi lugha ya kwenye picha na wala hana haja nayo. Katika miaka arobaini ya chama, Gwamaka alikuwa hajagongewa benchi hata mara moja.

Filamu ya wiki ile iliitwa Ng'ambo ya Mto. Gwamaka aliisimulia mwanzo mwisho kwa ufundi wake wote: mafuriko, kijiji kilichohama, Mama Tusajigwe aliyebaki nyuma, na daraja la kamba lililobakiza nyuzi chache. Watu walikuwa wameinama mbele.

"Mama akafika katikati ya daraja," alisema, "akasimama. Akawatazama wanawe kule ng'ambo. Kisha akageuka, taratibu, akarudi alikotoka. Akakaa juu ya jiwe. Filamu ikaishia hapo, yeye amekaa."

Ko!

Wote waligeuka. Aliyegonga alikuwa Lusajo, fundi wa treni, na yeye mwenyewe alionekana kukitazama kidole chake kwa mshangao.

"Samahani, mzee wangu. Yule mama alivuka."

"Hakuvuka."

"Alivuka, mzee! Na ngoma ikapigwa. Mimi na ukubwa wangu huu nililia."

"Ngoma gani?"

Ko. Huyo alikuwa Atupele, mshona nguo na mwenyekiti wa chama. "Ngoma ilikuwapo, baba," alisema kwa upole. "Binti yake alimpokea kwa kanga nyekundu. Ile picha ya kanga kwenye ukungu, jamani! Sijaona kitu kizuri kama kile mwaka huu."

"Kweli kabisa," wengine wakadakia, na mmoja wao, bila kukusudia ubaya, akagonga ya tatu.

Sekela alijua mara moja kilichotokea. Hitilafu ndogo ndogo zilikuwa zimeshajitokeza wiki zilizopita, wakazimaliza kwa kicheko kwamba kila mtu ana macho yake. Lakini mwezi wa tatu Mfumaji alikuwa amezizoea nyoyo zao. Saba zilitaka mama avuke, akavuka. Mmoja haukutaka.

Gwamaka aliwatazama usoni mmoja mmoja. "Basi nimesinzia," alisema, akajichekesha. "Chai yangu."

Sekela alimfuata jikoni. Mzee alikuwa amesimama mbele ya birika, pakiti ya majani mkononi, haimimini.

"Baba yangu alianza hivi hivi," alisema bila kugeuka. "Alisimulia mambo ambayo hayakutokea, na akaapa. Mwaka wa pili akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Jumatatu nitakwenda kupimwa kichwa. Na usimulizi namwachia Lusajo."

"Mjomba..."

"Mashine ni yako, mwanangu. Nitakuamini wewe. Alivuka au hakuvuka?"

Sekela aliikumbuka saini yake, na miaka sita ya kazi. "Filamu hiyo sijaitazama, mjomba," alisema. Ilikuwa kweli, na aliona aibu kuisema.

Mzee alitikisa kichwa, akabeba sinia la vikombe kwenda ukumbini.

Sekela akafungua kishikwambi chake na kutafuta kumbukumbu za mtazamaji namba nne. Mfumaji alikuwa amejaribu mara tatu kumvusha mama yule. Kila mara, mama alipoinua tu mguu mbele, moyo wa Gwamaka ulikuwa umeshajibana. Mara ya nne mama aligeuka nyuma, na mapigo yakatulia.

Hapo ndipo Sekela alipomkumbuka marehemu Subilaga, mke wa Gwamaka. Mwaka uliopita alipangiwa upasuaji mkubwa mbali na nyumbani. Alifika mpaka mlangoni mwa treni, watoto wake wameshaingia ndani, akageuka. Alisema kama ni kufa, atafia alipo mume wake. Watoto walilaumu sana. Gwamaka hakusema neno, wala hakulia mbele ya mtu, na hakuna aliyejua anawaza nini. Mashine ilijua. Sekela aliisifu moyoni, akaona fahari ambayo hajawahi kuiona maishani, na wakati huo huo akatamani ardhi immeze.

Alirudi ukumbini, akasimama mbele ya benchi, akagonga. Ko, ko, ko.

"Nani tena?" Atupele aliuliza.

"Najigongea mwenyewe. Mzee hakusinzia. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Akawaeleza yote: utepe, jichopepe, ufumaji, na saini aliyoiweka. Akawaambia kwamba kwa kusema hivyo majaribio yamekufa, na huenda shirika lililomwajiri lisimpe nafasi nyingine.

"Kwa hiyo ile ngoma niliyoililia haikuwapo?" Lusajo aliuliza.

"Kwako ilikuwapo, kaka."

"Ilipigwa kwa ajili yangu mimi peke yangu?" Alionekana hajui akasirike au ajivune. "Ngoma nzima?"

"Na kanga yangu?" Atupele alimgeukia. "Wewe uliiona kanga?"

"Mimi niliona kitenge," Lusajo alikiri. "Nilinyamaza tu, nikijua we ndiye mjuzi wa nguo."

Atupele alishika kiuno. "Miezi mitatu tunabishana juu ya utamu wa chungu kimoja, kumbe kila mtu anasifia sahani yake! Sekela, mashine yako ni ya ajabu, sikufichi. Lakini chai utapika wewe, mpaka mwaka uishe."

Gwamaka alikuwa bado ameshika sinia. "Kwa hiyo siumwi?"

"Huumwi, mjomba. Uliona kile kile ulichosimulia."

Mzee aliketi. Akavua kofia, akajifuta nayo macho bila kujificha. "Mashine yako ni hodari, mwanangu. Imenifikia mahali ambapo hata padri hakufika. Lakini iliniacha na yule mama wiki nzima, mimi na yeye tu. Nikaja kuwaambieni, mkagonga benchi."

Kisha Lusajo akainuka, akaanza kusogeza viti mbele ya ukuta mweupe. "Mzee, tuonyeshe ya kwako," alisema.

Wakaileta mashine kutoka nyumbani kwa Gwamaka, nyumba ya tatu kutoka pale, wakatandaza pazia la mwanga ukutani. Utepe akafungwa yeye peke yake. Atupele alichokoa kabatini kipaza sauti cha zamani, chenye mkanda wa gundi shingoni, akamkabidhi. Na Gwamaka akaitafsiri filamu ambayo haikuhitaji kutafsiriwa, akaguna na mafuriko, akaita na watoto, hadi watu wazima saba wakakaa kwa kubanana kama enzi za vibanda.

Mama Tusajigwe akafika katikati ya daraja. Akasimama. Akageuka, akarudi, akakaa juu ya jiwe.

"Filamu ikaishia hapo," Gwamaka alisema kwenye kipaza sauti, "yeye ameka..."

Haikuishia hapo. Mkononi mwake utepe uliwaka rangi ambayo Sekela, aliyeutengeneza, hakuwa ameiona hata siku moja. Kwenye pazia, mama yule alitazama pembeni yake. Kisha akajikusanya, akasogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu wa pili juu ya jiwe.

Kipaza sauti kilishuka taratibu mapajani mwa Gwamaka. "Hii sikuiona," alisema.

"Tumeiona," Atupele alimjibu, akamshika bega. "Wote tumeiona, baba. Simulia."

Akasimulia, na hakuna aliyegonga benchi.