Funda la Mwisho la Ado

Watu wa Bulapesa, huku Isiolo, watakwambia jini la kwa Kabale liliingia na upepo wa vumbi. Uongo mtupu. Liliingia kwa laivu, tena lilikaribishwa kwa maziwa.

Kabale alikuwa na kipindi chake mtandaoni, jioni jioni kabla ya magharibi. Simu kwenye stendi, taa ya duara, maiki imebanwa kwenye mtandio, naye amekaa mkekani akiwaonyesha Waborana walio ng'ambo vile buna, ile kahawa ya punje nzima, inakaangwa kwa samli na vile chicho, kile chombo cha kufuma cha maziwa, kinafukizwa moshi. Makandi, jirani yake Mmeru, alikaa pembeni na kompyuta, akichagua kamera na kumsomea maoni ya watazamaji.

"Kuna mtu wa Doha anakusalimia," Makandi akasema siku hiyo. "Anauliza..." Akainamia kompyuta.

"Anauliza nini? Soma bwana, watu wanangoja."

"Anauliza huyo mtoto nyuma yako ni wa nani."

Nyuma ya Kabale kulikuwa na kiti kitupu na ukuta. Mtoto wake wa pekee, Ado, alikuwa makaburini tangu kiangazi kianze. Homa tu, ya siku chache, na nyumba ikanyamaza.

Sasa sikiliza kosa lilipokuwa. Mtoto akifa, vitu vyake hutolewa sadaka. Nguo za Ado zilitoka, viatu vikatoka, hata godoro. Lakini chicho chake kidogo chenye shanga za buluu, Kabale alikificha. Na kila jioni mbele ya kamera alikifukiza, akakijaza maziwa, akakiweka kando ya kile kiti. Watazamaji walidhani ni pambo. Chombo kinachojazwa bila mwenyewe ni mwaliko, na kuna wasio na kwao wanaozunguka wakinusa mwaliko kama huo. Maziwa yalikuwa yakiisha. Makandi alilaumu paka wa watu.

"Njoo uone mwenyewe," Makandi akanong'ona.

Picha ya laivu huchelewa kidogo kufika. Unainua mkono hapa, kwenye kompyuta mkono bado uko chini. Na mle ndani ya kule kuchelewa, kwenye kiti kile kile kilichokuwa kitupu chumbani, alikaa msichana mdogo akining'iniza miguu, nywele zake zimesukwa vile Kabale alivyomsuka mara ya mwisho, na kila Kabale aliposogea alisogea naye, na chumba kikaanza kunuka udongo uliolowa mvua, katika Isiolo ambayo haikuwa imeona tone, na Kabale alipovaa vipokea sauti alisikia kwanza funda, halafu funda lingine, halafu pumzi ya mtu aliyeshiba, halafu ile sauti, ile yenyewe, ikimwita Mama.

Makandi alikimbia hadi akasahau viatu. Kabale alibaki.

Akazidisha kipindi. Asubuhi laivu, mchana laivu. Hakula, akakonda mpaka bangili zikawa zinapanda hadi kiwiko, na maziwa yote ya nyumba yakaenda kwenye chicho kimoja. Mwishowe Makandi akamleta Maalim Dima.

"Salaam aleikum, Mama Ado."

"Aleikum salaam." Jina hilo bado lilimchoma.

"Dada, unajua kuwa hilo si yeye?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ado alikuwa akiniachia funda la mwisho. Hata akiwa na njaa. 'Mama, hii yako.' Hilo linalamba chombo mpaka kinakauka."

"Na bado unalilisha?"

"Maalim, lina sauti yake," Kabale akasema, akaangua kilio.

Maalim akamwambia lililokaribishwa na mwenye nyumba hufukuzwa na mwenye nyumba. Makandi akafungua laivu, Maalim akaanza kusoma, na Kabale akatazama kioo cha kompyuta.

"Wewe si mwanangu. Toka kwangu."

"Mama, nimekosa nini?"

"Toka!"

Mtoto akalia vile Ado alivyolia usiku wa homa. Kiti kikaanguka. Taa ya duara ikapasuka, harufu ya udongo ikakatika, na kwenye kompyuta ukabaki ukuta.

"Alhamdulillahi," Maalim akasema. "Leta hicho chombo, kitoke leo."

Kabale akakiinua. Kilikuwa kizito. Akakitikisa, na ndani kitu kikacheza. Maziwa, funda moja.

Kisha Makandi akanyoosha kidole kwenye mtandio wa Kabale, kwenye maiki. Ilikuwa inawaka, na haikuwa imezimwa tangu asubuhi.

"Limesikia," Maalim akanong'ona. "Limekusikia ukiniambia. Mwaga, dada. Mwaga!"

"Na kama alikuwa yeye?" Kabale akauliza. "Na kama leo alikuja mwenyewe, nami nimemfukuza?"

"Mama Ado, tafadhali," Makandi akalia.

Kabale akainua chicho, akanywa.

Kwenye kompyuta, ambako mambo huchelewa, alikuwa bado hajanywa. Ndiyo kwanza anakiinua, na mkono mdogo umeshika kitako cha chicho, unamsaidia.