Jumapili Ishirini na Nane

Waya uliobaki kaunta ulikuwa mmoja, na mikono iliyoushika ilikuwa miwili.

Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, na duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika hadi mlangoni, huyu anadai feni, yule anarudisha chaja. Msichana aliyeshika ncha moja ya waya alivaa jinzi iliyopauka magotini na fulana nyeusi, nywele amezifunga kwa kipande cha utepe wa kufungia nyaya. Kijana wa upande wa pili alikuwa mrefu, shati jeupe lenye mikono iliyokunjwa, na vidole vimejaa plasta ndogo ndogo.

"Dada, nimeuona mimi kwanza."

"Umeuona, lakini hujui umeona nini. Unautakia nini?"

"Gitaa la besi."

"Huu ni wa spika. Ukiuchomeka kwenye gitaa utavuma mpaka majirani wakuhame." Akamgeukia muuzaji, akaagiza waya mwingine kutoka rafu ya juu, akamtupia kijana kifuani. "Wako ndio huo, kaka. Kapige besi yako kwa amani."

"Na wewe ni nani, daktari wa nyaya?"

"Fundi. Ukipigwa shoti, usinitafute."

Akaondoka anacheka. Kijana akabaki amesimama katikati ya msukumano wa watu, anajilaumu kwa kutoomba hata namba ya simu. Wanaume wengine bwana, akili huwajia mtu akishavuka barabara.

Lakini siku hiyo alikuwa na bahati asiyoistahili. Saa tisa alasiri aliingia kwenye ukumbi wa kanisa kujiunga na bendi ya kujitolea iliyokuwa inatafuta mpiga besi, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa yule yule, amepiga magoti nyuma ya spika, tochi mdomoni.

"Uliniambia nisikutafute," alisema.

Msichana akatoa tochi mdomoni. "Na bado umenitafuta."

Pale kanisani kila mtu alimwita Fundi. Siku za kazi alitengeneza redio na feni katika kibanda cha mjomba wake. Jumamosi na Jumapili aliketi nyuma ya ukumbi kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, akisimamia sauti za bendi bila kulipwa chochote. Kijana alikuwa mkata vioo, ndiyo maana ya zile plasta, na kabla jua halijazama bendi nzima ilikuwa imeshampa jina la Besi.

Na kweli alilipiga lile gitaa. Kiongozi wa bendi, mwalimu wa hesabu aliyehesabu mapigo ya wimbo kama anayesahihisha mtihani, alifumba macho kwa raha. Kisha Besi akasogelea maiki na kuongeza sauti ya tatu. Kiongozi akafumbua macho. Akatembea taratibu hadi nyuma ya ukumbi.

"Binti yangu, vidole vile ni baraka. Ile sauti ishushe."

"Kwa nini tusimwambie tu?"

"Tukimwambia ataondoka, na besi itaondoka naye. Ishushe."

Fundi akashusha kitelezi cha sauti ya Besi kwenye mikisa mpaka ukumbi usisikie kitu. Halafu akamwonea huruma. Kila mwimbaji alikuwa na spika ndogo miguuni pake ya kujisikilizia mwenyewe, na ndani ya ile ya Besi Fundi akamwekea sauti yake Besi peke yake, tele, bila kinanda wala dramu ya kumsumbua. Besi akajisikia. Akatabasamu mpaka meno ya mwisho, akampungia mkono kutoka jukwaani kumshukuru. Fundi akampungia naye, na mkono ule wa Besi ndio uliommaliza.

Baada ya hapo simu hazikupoa.

"Halo, daktari wa nyaya. Umekula?"

"Nimekula. Wewe leo umejikata?"

"Mara moja tu. Nilikuwa nakuwaza."

"Basi niwaze ukiwa mbali na vioo, mpenzi. Nakuhitaji na vidole vyako vyote kumi."

"Vyote ni vyako. Kimoja tu ndio nitakuomba unirudishie, nikivishe pete."

"Wewe! Kata simu, mjomba ananitazama."

Fundi alipenda kucheka naye, alipenda namna alivyobeba spika nzito bila kuombwa na jinsi alivyofika mazoezini na unga wa vioo kwenye nyusi. Jambo moja tu lilimkosesha raha. Mama yake Besi alikuwa amevunjika nyonga, hatoki nyumbani, na Besi alimwahidi kwamba siku atakayoweza kutembea atakaa kiti cha mbele amsikie mwanawe akiimba. Kila Fundi alipolisikia hilo aliapa kwamba wiki hii atasema ukweli. Wiki ikaisha, ikaja nyingine, miezi ikafika saba.

Siku moja Besi, bila kumwambia Fundi, alimwomba Kiongozi rekodi ya ibada. Akaicheza nyumbani kwenye simu, mama yake ameketi na gongo mapajani, amevaa kitenge chake kizuri kana kwamba kanisa limemjia pale sebuleni. Wimbo ukaisha.

"Mzuri," mama alisema. "Na wewe uko wapi?"

"Nipo hapo, Mama. Sauti ya tatu."

Wakausikiliza tena. Besi akakaza sikio. Gitaa lake lilikuwepo, kila noti mahali pake. Sauti yake haikuwepo kabisa. Wakaurudia mara ya tatu.

Besi akatoka nje, akapiga simu.

"Kipenzi," Fundi alianza, "leo umeniwahi..."

"Maiki yangu huwa umeifunga?"

Fundi akaweka bisibisi chini.

"Fundi. Nimekuuliza."

"Sikuifunga. Niliishusha."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kiongozi alisema... ulikuwa unatoka nje ya sauti. Sikutaka uumie."

"Kumbe miezi saba naimbia miguu yangu! Na wewe umekaa kule nyuma unanipungia mkono."

"Nilikupungia kwa sababu nakupenda!"

"Na hilo nalo unaliweka kwenye spika gani, Fundi? Ya ukumbini, au ile ndogo ya kunifurahisha mimi?"

Simu ikakatwa. Fundi alipiga mara nne, haikupokewa. Jumapili iliyofuata Kiongozi mwenyewe alishika besi, na tusiseme zaidi, maana ni mtu mzima na anaheshimika.

Wiki nzima Fundi aliunganisha nyaya kinyume. Mjomba alipoona redio ya tatu inatoa moshi, akazima chuma cha kuchomelea nyaya. "Mwanangu, ama nenda kamwone huyo kijana, ama nitabaki sina mteja."

Badala yake Fundi alivaa hedifoni. Mikisa ya kanisa ilihifadhi sauti ya kila maiki peke yake, na yeye hakuwahi kufuta sauti ya Besi hata mara moja. Alisikiliza rekodi zote tangu mwanzo. Sauti ilipotea, ikarudi, ikapotea tena, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Ila Jumapili moja ilinyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi akairudia, akakumbuka: siku ile spika ya Besi ilikuwa imeharibika, akasimama ubavuni mwa mpiga kinanda na kusikiliza spika ya mwenzake huyo, iliyojaa kinanda.

Alivua hedifoni, akajishika kichwa. Besi hakuwa na kasoro kubwa hivyo. Alichohitaji ni kusikia kinanda ajue wenzake wako wapi, na yeye Fundi, kwa huruma yake, ndiye aliyekuwa amemnyima.

Asubuhi ya Jumamosi aliacha jinzi nyumbani. Alivaa gauni la samawati lililokuwa kabatini tangu harusi ya binamu yake, akaenda nyumbani kwa kina Besi. Mlangoni alimkuta mama, ameketi juani na gongo lake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemnyamazisha mwanangu?"

"Ni mimi." Machozi yalimtoka hapo hapo. "Nilifikiri namsitiri. Nisamehe, Mama."

"Mimi najua anavyoimba. Nimemlea, nimemsikia bafuni miaka ishirini." Mama alimkazia macho. "Sikutaka kusikia wimbo mzuri, binti. Redio ninayo. Nilitaka nimsikie yeye, akosee asikosee."

Besi alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, plasta mpya kidoleni. Fundi hakujitetea. Alimvisha hedifoni masikioni kwa mikono yake, akabonyeza simu. Besi alisikiliza wimbo mzima bila kupepesa macho.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, ukiwa unasikia kinanda. Mimi ndiye niliyekufanya upotee."

"Umeitoa wapi?"

"Ninazo zote. Jumapili ishirini na nane. Hakuna mtu aliyekusikiliza kama mimi, Besi, hata ulipokuwa nje ya sauti. Kosa langu ni kukusikiliza peke yangu."

Besi alivua hedifoni, akamrudishia. "Nimeumia, Fundi."

"Najua. Sitakushusha tena, hata kama utanguruma. Nimeshamwambia Kiongozi: maiki yako ikifungwa, mikisa aendeshe mwenyewe."

"Amesemaje?"

"Amehesabu mpaka nane, halafu akakubali."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Besi akajitahidi kuendelea kununa, akashindwa.

Kesho yake, Jumapili, mama aliingia kanisani kwa hatua za taratibu, akakalishwa kiti cha mbele, gongo kando. Ibada ilikuwa bado nusu saa. Bendi ilijaribu vyombo, watu wakaanza kujaa kwenye viti. Fundi aliweka kinanda katika spika ya Besi, akavaa hedifoni, akamwonyesha kwa kidole aseme kitu.

"Moja, mbili," Besi alisema. "Fundi, ukumbini bado umenifunga?"

Fundi akaitikia kwa kichwa. Sauti ya ukumbini hufunguliwa mwishoni.

"Basi nisikilize hivyo hivyo." Sauti ya Besi ilikuwa ndani kabisa ya masikio ya Fundi. "Nimekasirika wiki nzima na bado nilikuwa nakutafuta kila simu ikilia. Kile kidole nilichosema, nakihitaji sasa, na chako pia. Nakuomba uolewe na mimi."

Mpiga dramu alikuwa anakaza ngozi za ngoma zake. Kiongozi alikuwa anapanga karatasi. Hakuna aliyesikia isipokuwa Fundi, na kwa mara ya kwanza aliogopa kile kitelezi kilichokuwa chini ya kidole chake.

Alisogeza mdomo kwenye maiki yake ndogo ya kuongea na jukwaa. "Rudia," alisema. Kisha akapandisha kitelezi cha Besi polepole hadi juu kabisa.

Besi alisikia pumzi yake mwenyewe ikijaa ukumbi mzima. Akamtazama mama yake, kisha akamtazama Fundi.

"Fundi," alisema, na spika zote zikasema naye, "nakuomba uolewe na mimi."

Sauti ilitetemeka, mwishoni ikashuka kabisa. Fundi hakuigusa.

"Nimemsikia!" mama alipiga kelele kutoka kiti cha mbele, akinyanyua gongo. "Haya binti, na wewe tukusikie!"

Fundi alivua hedifoni. Maiki yake ilikuwa pale mezani, wala hakuikumbuka. Alisimama nyuma ya ukumbi ndani ya gauni lake la samawati, akajaza kifua, akajibu neno moja lililofika mpaka jukwaani bila waya wowote:

"Ndiyo!"