Kidonda cha Bwana Oyoo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Elsie alifagia nyumba, akapika uji, kisha akampelekea baba yake maji ya vuguvugu ya kuosha miguu. Walipanga vyumba viwili mjini Kitengela. Mama yake, Namalwa, alitoka alfajiri kwenda Athi River, ambako alishona nguo kiwandani. Baba yake, Bwana Oyoo, alikuwa karani katika ghala la mahindi.

Mwaka huo wa 2004 Bwana Oyoo alikuwa mgonjwa wa kisukari. Hospitalini alipewa vidonge na kuonywa asiviache. Kisha kiatu kikamchubua kidole cha mguu, na kidonda kikakataa kupona. Ndung'u, rafiki yake wa kanisani, akamweleza habari za Nalangu, tabibu wa tiba asili aliyesomea kazi hiyo chuoni na kufungua kliniki mjini Kajiado.

Jumamosi Elsie alimsindikiza baba yake, kwa sababu alikuwa akichechemea. Msichana huyo alitarajia kuona mizizi na pembe. Badala yake alikuta chumba safi, mizani ya kupimia uzito na mitungi ya majani makavu.

"Supa, Baba Elsie," Nalangu alimsalimu kwa Kimaasai. "Mimi hutibu mtu mzima, si kidonda peke yake. Unakula nini? Unalala vipi? Ni nini kinakusumbua?"

Bwana Oyoo alicheka. "Hakuna kinachonisumbua, daktari. Nimekuja tu kuchukua dawa ya miti."

"Dawa huja mwisho. Mwili una nguvu zake za kujiponya. Kazi yangu ni kutafuta kinachouzuia. Soda, chai yenye sukari nyingi na kukosa usingizi ni vizuizi."

Akamshauri ale kunde, mchicha na dengu, apunguze ugali, alale mapema, na akaushe miguu vizuri baada ya kuiosha. Akampa pia majani ya kuchemsha. "Na vidonge vya hospitali usiache," alisema kwa mkazo. "Mimi na hospitali hatushindani."

Nyumbani, Bwana Oyoo alikunywa majani yale kwa bidii. Lakini Elsie aligundua kwamba pakiti ya vidonge nyuma ya redio haikuwa ikipungua.

"Baba, hujameza dawa."

"Hizo ni kemikali. Sasa niko na dawa ya asili," baba yake alijibu. Kisha akamkazia macho. "Na mambo ya nyumba hii hayatoki nje. Umesikia?"

"Ndiyo, Baba."

Waliporudi Kajiado, kidole kilikuwa kimevimba na wekundu ulikuwa umeanza kupanda mguuni. Nalangu alikigusa kwa makini, akakunja uso.

"Unameza vidonge vyako?"

"Kila siku, daktari."

"Basi sielewi. Ngoja nikisafishe, tukitazame tena baada ya siku chache."

Elsie aliutazama mguu ule. Akisema, atakuwa amemwaibisha baba yake mbele ya mgeni. Akinyamaza, wekundu ule utaendelea kupanda.

"Hamezi," alisema kwa sauti ndogo. "Aliacha tulipotoka hapa mara ya kwanza."

Bwana Oyoo aligeuka kwa hasira. "Elsie!"

Machozi yalimtoka msichana, lakini hakuyarudisha maneno yake. Nalangu akafunika mtungi wa majani. "Sitakupa kitu leo, Baba Elsie. Mguu huu unataka hospitali sasa hivi. Nitawapeleka mwenyewe."

Madaktari walilazimika kukata kidole kile. Mguu wenyewe ulinusurika. Namalwa alikaa kando ya kitanda cha mumewe akilia kimya kimya, na Elsie hakuthubutu kumtazama baba yake usoni. Alijiona kama yeye ndiye aliyemkata.

Siku Nalangu alipokuja kumjulia hali, Bwana Oyoo alimwita binti yake karibu.

"Nilikukataza kusema. Ungenitii, leo mngekuwa mnanizika. Nisamehe, mwanangu."

Nalangu alimshika Elsie begani. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Majani yangu si mabaya, na vidonge si vibaya. Lakini tiba yoyote, ya hospitali au ya asili, huanza na ukweli. Mgonjwa akimdanganya tabibu, mwili ndio unaolipa. Na mtoto anayesema ukweli ili kuokoa maisha hajamvunjia mzazi heshima."

Baadaye muuguzi aliingia wodini, akauliza kama kuna mtu anayesikia maumivu. Wanaume wengine walinyamaza. Bwana Oyoo alimtazama Elsie, kisha akainua mkono.

"Mimi," alisema. "Inauma sana."