Nilipindua Meza ya Keji

Nina umri wa miaka thelathini na sita, ni mshonaji wa nguo mjini Kitale, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, Mercy na Brian. Nimeokoka. Nalitaja hilo mapema ili mjue kwamba haya niliyoyafanya Juba niliyafanya nikiwa na Biblia ndani ya mkoba.

Tena mimi ni mwanamke mwenye wivu. Si wivu wa kununa siku moja ukapita, la! Mume wangu akisalimiana na mwanamke sokoni, mimi nahesabu mikono ilishikana kwa muda gani. Nilidhani huko ndiko kupenda.

Mume wangu, Baba Mercy, ni fundi wa jenereta. Kwa miaka minne alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya Juba, karibu na mtaa wa Hai Jalaba, na kila Krismasi alikuwa akija nyumbani. Mwaka jana akapiga simu kusema hoteli imejaa wageni, hatapata likizo. Nikamwambia basi tutakuja sisi. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika... Kisha akasema haya, njooni. Swali lile nililiweka moyoni.

Niseme ukweli wangu wote. Jirani yangu alikuwa amepelekwa Mombasa na mumewe, na picha zake alizimwaga kwenye kundi letu la kina mama wa kanisa mpaka simu yangu ikagoma. Nami nilitaka zangu! Nilitaka boti kwenye mto Nile, watoto kwenye bwawa la hoteli, na mimi na miwani ya jua. Nilijishonea magauni matatu, nikapanda basi na wanangu, tukapita Uganda hadi mpakani Nimule, siku mbili njiani tukila mayai ya kuchemsha.

Likizo gani ile, jamani! Baba Mercy alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa Hai Mauna, ukuta mmoja na karakana ya kuchomelea vyuma. Kuanzia asubuhi ni cheche na kelele. Joto lilikuwa la kukufanya ulale sakafuni. Brian akatoka vipele mwili mzima, Mercy akaharisha siku mbili. Bwawa la hoteli, tukaambiwa, ni la wageni, si la familia za wafanyakazi. Na boti? Kila nikiuliza, Baba Mercy alisema kesho.

Lakini hayo ningeyavumilia. Lililonikosesha usingizi ni mume wangu mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alilala akiutazama ukuta. Kikombe chake hakutaka mtu anywee, hata watoto. Na kila siku saa moja asubuhi alikuwa anatoka bila kugusa chai niliyompikia. Mwanamume anayekataa chai ya mkewe anakunywa ya nani?

Siku ya tatu nikamfuata.

Nje ya geti la hoteli kulikuwa na mwanamke anayeuza chai, kama wengi wa Juba, mwenye meza ndogo, glasi, jiko la makaa na viti vya plastiki vya wateja. Jina lake Keji. Alikuwa wa rika langu, mwembamba, mwenye mwanya wa kupendeza kwenye meno. Baba Mercy alipofika, Keji aliwaacha wateja wengine wote, wakasogea pembeni ya ukuta. Akatoa kifurushi cha kitambaa, akamwekea kitu kiganjani, akampa maji. Mume wangu akameza. Halafu, wasomaji wenzangu... akafungua mdomo wazi, na yule mwanamke akainama kuchungulia ndani! Wakacheka wote wawili.

Mimi nimekaa na mwanamume huyu miaka kumi na mitatu na hajawahi kunifungulia mdomo namna ile. Nikajua moja kwa moja kwamba mume wangu amelishwa kitu. Ndiyo maana amekonda, ndiyo maana anautazama ukuta.

Jioni nikapita pale na watoto makusudi, nijifanye nasalimia. Keji akamwita Brian kwa jina lake kabla sijafungua kinywa. Akamuuliza kama bado anaogopa mbwa. Mwanangu wa miaka sita, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga Juba! Akanikaribisha kwa Kiswahili chao cha waliokulia ukimbizini Uganda.

"Mama, kaa chini kwanza. Chai iko."

Sikukaa. Nilirudi chumbani nikafunga, kula wala kunywa, siku mbili nzima katika joto lile. Nilimwomba Mungu amfichue adui wa ndoa yangu. Mungu si mzee wetu wa mtaa, umtume utakavyo. Alimfichua kweli, ila hakuanza na niliyemtaka mimi.

Siku ya sita nilishindwa kujizuia. Nilifika pale saa moja na nusu, watoto nimewaacha kwa mama mwenye nyumba. Baba Mercy alikuwa ameshaingia kazini. Wanaume kama kumi walikuwa wanakunywa chai, wengine wafanyakazi wa hoteli. Nikaishika ile meza kwa mikono miwili nikaipindua. Glasi zikapasuka, sukari ikamwagika, chai ya moto ikaingia vumbini. Nikamwita malaya. Nikamwita mchawi anayelisha waume za watu. Nilitamka maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka uso unanichoma.

Baba Mercy akaja mbio kutoka ndani, mikono ina oili. Keji akamtazama. Baba Mercy akatazama chini. Wale wanaume wote wakawa wanamsubiri Keji ajitetee, nami pia nikawa namsubiri. Alijipangusa chai kwenye mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Malesh, mama. Rudi kwa watoto."

Malesh kule ni pole, ni samahani, ni basi yaishe. Hakuongeza neno lolote. Nikasema moyoni, mwenye hatia hana la kusema! Niliondoka pale kifua mbele kama niliyeshinda kesi.

Saa sita mchana Baba Mercy akarudi. Sikuwahi kumwona na uso ule. Hakunipigia kelele. Alitoa kadi ya kliniki mfukoni, akaiweka kitandani, akaniambia nisome.

Ilikuwa kadi ya matibabu ya kifua kikuu. Mwezi wa tano wa dawa. Na kwenye nafasi ya msimamizi, yaani mtu anayethibitisha kila siku kwamba mgonjwa amemeza, palikuwa pameandikwa Keji.

Akanieleza polepole. Kwamba alikohoa miezi miwili, akadhani ni moshi wa jenereta. Kwamba Keji ndiye aliyeona damu kwenye leso yake, akamwachia dada mmoja meza na kumpeleka kliniki kwa miguu, kwa sababu ndugu yake mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huohuo kwa kukatisha dawa. Kliniki ikataka msimamizi, akakubali yeye. Alikuwa anamfungulisha mdomo kwa sababu mwanzoni, vidonge vilipomchafua tumbo, Baba Mercy alikuwa anavificha chini ya ulimi. Dawa zilikuwa chumbani, lakini nilipokuja alizihamishia kwa Keji nisizione. Kikombe alikitenga kwa hofu tu, maana walishamwambia haambukizi tena.

Nikamuuliza, nikilia, mbona hukuniambia mimi mkeo?

"Ningekuambia ungekaa nayo? Siku hiyohiyo Kitale nzima ingejua. Na hoteli ikijua, sina kazi."

Sasa nikaelewa kwa nini Keji alinyamaza. Wafanyakazi wa hoteli walikuwa wamekaa pale pale. Neno moja tu lingemsafisha, nalo lingemfukuzisha mume wangu kazi. Akachagua kuitwa malaya.

Mtadhani wivu wangu ulikwisha hapo. Haukwisha! Nawaambia ukweli, ulizidi. Kama ingekuwa mapenzi ningejua la kufanya. Lakini mume wangu alikuwa anakaribia kufa, na aliyeshika mkono wake akawa mwanamke mwingine, kwa sababu mdomo wa mkewe haukuaminika. Yeye alijua hofu yake, mimi nilijua mshahara wake. Nililia kwa wivu kuliko toba, na Mungu anajua.

Jioni mama mwenye nyumba akaja na habari mbaya zaidi. Mimi nilidhani matusi ya wake ni kama kwetu, tunagombana Jumatano na Jumapili tunaimba pamoja. Huyu mama alitikisa kichwa.

"Hapa kwetu mke iko ya watu mingi, hapana ya bwana peke yake. Wewe nasema yeye malaya mbele ya wanaume. Sasa ndugu ya bwana lazima wafanye kitu."

Na walikuwa wameshafanya. Mume wa Keji alikuwa Nimule kwenye malori, lakini shemeji zake wa mtaa wa New Site walipata habari kabla ya jua kuzama. Walimrudisha kwa mama yake siku hiyohiyo na nguo zake kwenye ndoo. Watoto wake watatu wakabaki kwa ukoo. Mdogo alikuwa bado ananyonya.

Nikamwambia Baba Mercy twende tuwaone wale shemeji kwa siri. Mama mwenye nyumba akasema siri haitasaidia kitu. Neno lilisemwa hadharani, lazima lifutwe hadharani. Nami nikajua kwamba kulifuta ni lazima tuseme kile kitambaa kilikuwa na nini. Nilipiga magoti kwenye kile chumba cha joto. Sikuwa na maombi mazuri. Nilisema tu, Bwana, nimevunja nyumba ya mwanamke aliyeniwekea mume wangu hai, nionyeshe nitengeneze vipi. Nilipoinuka, Baba Mercy alikuwa anapiga viatu rangi.

"Mimi ndiye nitasema. Wewe umeshasema vya kutosha."

Jumapili kabla ya Krismasi tulikwenda kanisani New Site, kanisa la wale shemeji. Baada ya ibada mchungaji akatupa nafasi na kututafsiria kwa Kiarabu cha Juba. Baba Mercy akainua kadi yake mbele ya watu wote akasema ana kifua kikuu, na kwamba mke wa ndugu yao ndiye aliyemmezesha dawa kila siku kama dada yake. Mimi nikapiga magoti kwenye sakafu ya saruji nikasema nilimsingizia mwanamke mwema kwa sababu ya wivu. Shemeji mkubwa alitusikiliza hadi mwisho, uso haubadiliki. Kesho yake alikwenda mwenyewe kumchukua Keji kwa mama yake.

Jumatatu hiyohiyo hoteli ikampumzisha mume wangu. Ndivyo walivyoliita, kumpumzisha. Hakurudishwa tena.

Krismasi tulikula maharage na kabichi. Hapakuwa na keki wala boti, wala picha hata moja. Karakana ya jirani ilikuwa imefungwa, na kwa mara ya kwanza tulisikia sauti zetu. Mercy akaanza wimbo wa kanisa, Brian akadakia akijikuna vipele. Nikamtazama Baba Mercy akiomba maharage mengine... na shukrani ikanijaa ghafla mpaka nikatoka nje kulia. Alikuwa hai! Mwanamume wangu alikuwa hai, anakula, anabishana na mwanawe kuhusu nyama iliyokosekana. Miaka yote nimeimba nyimbo za kumshukuru Mungu na sikuwahi kumaanisha kama siku ile.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa Keji New Site na glasi mpya kumi na mbili na kitenge. Aliniletea kiti. Akawa ananyonyesha. Alisema mume wake ameamua asiuze chai tena, watu wamesema mengi. Glasi hakuzihitaji, akanirudishia, kitenge akapokea ili nisiaibike. Nikamwomba msamaha. Akamhamishia mtoto titi la pili.

"Mimi nasamehe wewe. Kwa Mungu nasamehe kabisa. Lakini kwa nyumba yangu usikuje tena."

Baba Mercy alimalizia dawa Kitale. Amepona, na anatengeneza pampu za maji za wakulima, kipato ni kidogo. Ananipenda, nadhani, ila bado kuna mambo naona anayameza badala ya kuniambia, na siwezi kumlaumu.

Dada yangu unayesoma haya, kama kuna mwanamke anayekunyima usingizi, muulize mumeo kwanza. Keti chini umuulize, tena uwe mke anayeweza kuambiwa jibu. Mimi sikuuliza. Sasa kila asubuhi kabla sijagusa cherehani namshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke mmoja wa Juba, namwombea yeye na wanawe kwa majina... na ninajua hataki kuniona tena.