Kibao cha Chumba cha Kusubiri

Kibao kilikuwa hakipo. Skrubu zake nne zilikuwa zimepangwa vizuri juu ya kaunta.

Inspekta Wakoli aliutazama ukuta. Bado ulikuwa na unyevu.

"Nani ameuosha?"

"Mimi ndiye niliyeagiza," akasema Mwihaki, mbunifu aliyeletwa kutoka Nairobi kuigeuza stesheni kuukuu ya reli pembezoni mwa Kisumu iwe hoteli. "Kulikuwa na vumbi, afande. Tunafungua Jumamosi."

"Kulikuwa na alama za vidole, mama."

Wakoli alishusha pumzi. Ofisini aliacha jalada la ujambazi wa mtaa wa Obunga, watu wawili wamekatwa mapanga. Lakini Wanjohi, mwenye hoteli, alikuwa na namba ya simu ya mkuu wa Wakoli, kwa hiyo leo Inspekta alikuwa anatafuta kibao.

"Ni cha wakati wa mkoloni," Wanjohi alieleza. "Bati la enameli. Kinasema kwa Kiingereza kwamba chumba cha kusubiri ni cha Wazungu tu. Wageni watapiga picha hapo. Bila hicho, chumba hiki kitakuwa baa tu kama baa zingine."

"Urefu?"

"Kama mkono wangu mzima."

"Rangi?"

"Buluu."

"Si buluu," Mwihaki akaingilia. "Ni kijani kinachoelekea..."

"Nimeandika buluu."

Kilitoweka Jumanne alasiri, umeme ulipopotea na mafundi wakatoka nje kupunga upepo. Bawabu aliapa kwamba alikagua kila mfuko na kila gari langoni. Basi kilikuwa bado ndani. Wakoli alipekua stoo, akapanda darini, akalala kifudifudi kuchungulia chini ya mabafu. Saa tatu nzima. Wanjohi alimpigia mkuu wa Inspekta mara mbili.

Hatimaye, amechoka na amejaa vumbi, Wakoli alijitupa kwenye benchi refu la ukutani.

"Usikalie hapo! Mito ni mipya!" Mwihaki akapiga kelele.

Wakoli hakuinuka. Kitu kigumu kilikuwa kinamuumiza paja. Aliugeuza mto. Mingine yote ilikuwa imeshonwa kwa mashine. Huu ulikuwa na upande mmoja ulioshonwa kwa mkono.

"Nani ameshona?"

"Mama Perez wa Kombewa."

"Cherehani yake ni ya umeme?"

"Ndiyo. Jumanne alikuwa anashonea hapa hapa."

"Mwite."

Mama Perez alikuwa amepita miaka sabini, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Aliuona mto magotini mwa Inspekta, akaketi bila kuambiwa.

"Mama, si lazima useme kitu. Utakachosema kinaweza kutumika kortini."

"Andika, mwanangu. Ni mimi."

"Ulitaka kukitoa lini?"

"Nikipeleke wapi?"

"Basi kwa nini ulikificha?"



"Nilikuwa na miaka sita. Tulikuwa tunangoja treni ya Butere, mama akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mvua ilikuwa inapiga kweli kweli. Akajikokota mpaka mlango huu. Karani akamwonyesha kibao, akafunga. Akazalia pale nje kwenye saruji. Mtoto alilia kidogo tu, baridi ikamchukua. Hakupata hata jina." Alimgeukia Mwihaki. "Jumatatu nimekuja kupima benchi, nakikuta kimesuguliwa, kinang'aa. Nikakuuliza cha nini. Ukaniambia kinapendeza."

Mwihaki alitazama sakafu.

"Ungekitupa ziwani," Wakoli akasema.

"Hapana. Nilitaka watu wakikalie. Kila siku. Weusi, weupe, wanene. Wakikalie tu."

"Wizi ni wizi," Wanjohi akafoka. "Mfunge pingu!"

Uvumilivu wa Wakoli ulikwisha. Alichana mshono kwa kisu, akachomoa kibao, akampa Wanjohi.

"Mlalamishi lazima atambue kielelezo. Kisome, bwana. Kwa sauti."

Wanjohi alianza kwa sauti kubwa. Katikati ya sentensi sauti ikashuka, na neno la mwisho halikusikika kabisa. Alisimama hapo, kibao mikononi, akiutazama mlango. Kisha akakirudisha ndani ya mto, taratibu.

"Mama," akasema, "uzi unao?"