Bwawa Nililoliita Langu

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, Nekesa akiwa wa kwanza, na ninakaanga samaki sokoni Kitale. Nawaandikia wasomaji wenzangu bila machozi... yaliisha.

Niliolewa Myanga, kule Bungoma. Chini ya shamba la mume wangu, Wafula, palikuwa na kinamasi ambacho hakuna aliyekitaka. Nikaomba nichimbe bwawa la samaki. Wafula akacheka, akaenda zake. Nilichimba kiangazi kizima, mikono ikatoka malengelenge, nikafuga tilapia. Watoto wakala, wakavaa, wakasoma. Baba yao hakuwahi hata kuwatupia samaki wale pumba!

Ndipo akaja mhadhiri mmoja wa jiografia, mwanamke mpole, akitafiti wanawake wafugao samaki na utunzaji wa maji. Mama mkwe alikuwa kando, akichambua mboga.

"Hili bwawa ni la nani?" mgeni akauliza.

"Ni langu," nikajibu.

Jamani, neno moja! Kwetu mke husema "letu", au "la mzee". Akisema "langu" kuhusu kitu kilichoko shambani, watu huona anajiandaa kuwa mjane. Mama mkwe aliacha mboga. "Ati lako? Kwani kijana yangu amekufa?"

Wafula alipoambiwa na mama yake, hakunigombeza. Alikula, akalala. Jumapili nikiwa kanisani, akabomoa ukingo wa bwawa... Nilikuta majirani na mabeseni matopeni, samaki wakirukaruka. Nilisimama tu, Biblia mkononi. Nilipomwuliza kwa nini, hakuniangalia.

"Mama Nekesa, chimba lako kwenu."

Kwetu! Ndugu zangu walishagawana shamba hadi mlangoni.

Pale penye bwawa Wafula akapanda nduma, yale magimbi ya matopeni. Mhadhiri aliporudi nilimwonyesha majani ya nduma. Yeye ndiye aliyelia. Mimi nilimpikia chai, kisha nikafunga virago, nikaja Kitale.

Sasa nauza samaki wa Turkana, waliovuliwa na watu nisiowajua. Je, nilikosea? Mikono iliyochimba si ilikuwa yangu?

Dada zangu, nawasihi, kabla hamjashika jembe, mume na wazee wa ukoo waseme mbele za watu bwawa litakuwa la nani. Mimi nilisikia kicheko nikadhani ni ruhusa. Msipite nilipopita!

Juzi mteja aliniuliza, "Mama, hizi samaki ni zako?"

Nilifungua mdomo, neno likakataa kutoka... Nikamfungia wawili wakubwa.